Mshahara wa Masaki, Nyumba ya Chanika

Barua ya ajira haitaji barabara. Hutaja cheo, mshahara kabla ya makato, kipindi cha majaribio, siku 28 za likizo ya mwaka na mahali pa kutia saini. Kwamba mwajiriwa atatoka kwake saa 11 alfajiri na kurudi watoto wamelala, hilo ni lake na nyumba yake. Sheria nayo iko hivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na inataka kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Saa za kusimama ndani ya daladala hazimo popote.

Matokeo yake, mtu mwenye barua mbili mezani hulinganisha kilichoandikwa, yaani mishahara, na kile kisichoandikwa hukiacha kwa Mungu. Ndugu na marafiki wanamsaidia kukosea: swali la kwanza ni “wanakupa ngapi?”, na la pili mara nyingi halipo. Ubaya wa mazoea hayo hauko kwenye kupenda fedha. Uko kwenye kuihesabu vibaya.

Tuchukue mfano wa kubuni, makato yakiwa yale yale ya kweli. Mhasibu mwenye watoto wawili anaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Shule binafsi ya Pugu, si mbali na kwake, inampa 900,000 kwa mwezi. Kampuni iliyoko Masaki, upande wa pili wa jiji, inampa 1,250,000. Kwenye karatasi tofauti ni 350,000, na akisita kidogo tu ukoo mzima utamshangaa.

Anza na makato. Asilimia 10 ya mshahara inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kinachobaki kinatozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa ngazi: shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na kila kinachozidi milioni moja kinatozwa asilimia 30. Kwa kazi ya Pugu, NSSF ni 90,000, PAYE ni 80,500, na mkononi zinafika 729,500. Kwa kazi ya Masaki, NSSF ni 125,000, PAYE ni 165,500, na mkononi zinafika 959,500. Ile 350,000 imeshakuwa 230,000 kabla hajapanda gari lolote. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara inakatwa pia, na tofauti inashuka hadi 177,500. Hata hivyo, hapo hana cha kulalamika sana, maana deni linapungua.

Zije nauli. Pugu anakwenda kwa daladala moja. Tuseme 1,200 kwa siku, kwenda na kurudi. Masaki ni magari matatu asubuhi na matatu jioni, na bodaboda siku akiona muda umembana. Tuseme wastani wa 6,000. Kwa siku 22 za kazi, safari ya Masaki inamgharimu 105,600 zaidi. Katika ile 230,000 zimebaki 124,400.

Halafu muda. Pugu ni nusu saa kila upande. Masaki ni saa mbili kila upande, na hapo nimemwonea huruma. Tofauti ni saa 3 kwa siku, yaani saa 66 kwa mwezi. Gawa 124,400 kwa 66 na utapata takriban shilingi 1,885. Hiyo ndiyo bei halisi anayoahidiwa kwa kila saa ya barabarani. Saa yake moja ya Pugu, tukihesabu saa 9 za kuwa kazini kwa siku, inamwingizia takriban 3,680. Kwa hiyo saa za ziada ambazo sheria ingemlipa mara moja na nusu kama angezifanyia ofisini, barabarani anaziuza kwa nusu bei.

Hesabu ya haki huwekwa pande zote mbili. Kazi ya Masaki inamwekea 35,000 zaidi NSSF kila mwezi, na mwajiri akichangia asilimia 10 yake, jumla ni 70,000 za uzeeni. Si kidogo. Huenda pia kuna bima ya afya ya familia nzima, na mwenye watoto wadogo anajua bima hiyo ina thamani gani msimu wa malaria. Huenda Masaki wanalipa tarehe 25 bila kukosa, na huko Pugu mshahara unasubiri wazazi walipe ada. Mimi mshahara unaochelewa naukata thamani papo hapo: ukifika tarehe 10 ya mwezi unaofuata, utakuta umeshaliwa na riba ya kikoba na madeni ya dukani. Mambo haya yote yanaingia kwenye mizani, na yanaweza kuipindua. Ninachosema ni kwamba 350,000 haikuwahi kuwepo.

Saa mbili zenyewe nazo ni wastani, na wastani unadanganya. Anayetakiwa kazini saa 2 asubuhi hapangi safari yake kwa siku nzuri. Anaipanga kwa siku mbaya. Bonde la Jangwani linapojaa maji ya Msimbazi wakati wa masika, mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kwa shangwe kubwa, hayapiti hapo, na foleni ya upande huo inasambaa mjini. Gari moja likiharibika Nyerere Road, Gongo la Mboto nzima inachelewa. Kwa hiyo mtu mwenye safari ya saa mbili huondoka na akiba ya dakika 40, na siku barabara ikiwa safi, dakika hizo anazimalizia kwenye benchi nje ya ofisi ambayo haijafunguliwa. Hakuna anayezihesabu.

Jioni kuna kugeuza. Wasioijua Dar es Salaam hawataelewa kwa nini abiria anayekwenda Chanika apande gari linalotoka Chanika. Analipanda kabla halijafika mwisho wa safari yake, analipa nauli ya kurudi nyuma, anageuza nalo, ili apate kiti. Nauli mbili kwa safari moja, na muda mrefu zaidi barabarani, kununua ruhusa ya kukaa. Watu wenye akili timamu hawafanyi hivyo kila siku bila sababu. Wanatuambia kwa fedha zao kwamba saa za barabarani hazilingani: saa moja ya kukaa dirishani na saa moja ya kuning'inia mlangoni ni bidhaa mbili.

Wataalamu wa nchi nyingine wamelipima jambo hili. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wanawake 909 wenye ajira huko Texas wajisikiaje katika kila shughuli ya siku yao. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa mkiani, chini hata ya kazi yenyewe. Bruno Frey na Alois Stutzer, wachumi wa Uswisi, walitumia takwimu za Ujerumani na kukuta kitu ambacho nadharia haikukitarajia. Nadharia inasema mtu huvumilia safari ndefu kwa sababu analipwa fidia, ama kwa mshahara mkubwa ama kwa nyumba nzuri ya bei nafuu, hivyo furaha yake kwa jumla isipungue. Walikuta inapungua. Wenye safari ndefu walikuwa wameridhika kidogo na maisha yao kuliko wenzao, fidia iwepo isiwepo. Kwa lugha nyingine, watu walikubali bei ambayo baadaye iliwashinda.

Naamini najua sababu mojawapo. Mshahara mkubwa unauzoea baada ya miezi michache. Ada inapanda, friji inanunuliwa, na 124,400 inageuka kuwa jambo la kawaida. Foleni huizoei. Kila siku inakuja na sura mpya.

“Si ahamie karibu na kazi?” Ndilo jibu la haraka, na wachumi wana nadharia yake tangu William Alonso alipochapisha kitabu chake mwaka 1964: ardhi ya katikati ya mji ni ghali, ya pembeni ni rahisi, na kila kaya huchagua mahali ambapo akiba ya ardhi inalingana na gharama ya safari. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, inaifuata nadharia hiyo nusu tu. Mpangaji wa mjini anaweza kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na hapo dalali hajachukua chake. Mwenye nyumba yake Chanika hajachagua mahali kati ya kazi na ardhi. Alinunua kiwanja pale alipokimudu, akapandisha tofali kwa miaka, na nyumba hiyo ndiyo pensheni yake, urithi wa watoto na heshima yake. Kazi ni ya mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Atoke kwenye kitu cha kudumu akifuate cha muda? Kwa wengi mjini hapa makazi yako palepale na kazi ndiyo inayohama, kwa hiyo barua ya ajira ndiyo mahali pekee ambapo urefu wa safari unaweza kuamuliwa. Usipoamuliwa hapo, hauamuliwi tena.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba saa 66 ni za mhasibu peke yake. Sizo. Nyumba yenye watoto wadogo haiwezi kukaa bila mtu mzima, kwa hiyo saa ambazo yeye hayupo lazima mwingine azijaze: mwenza, bibi aliyeletwa kutoka kijijini, au dada wa kazi. Dada analipwa, anakula, anaumwa. Akiongezwa kwa sababu ya kazi ya Masaki, tuseme kwa gharama ya 150,000 kwa mwezi, zile 124,400 zinakuwa hasara ya 25,600. Bibi halipwi, ndiyo maana watu hawamhesabu. Lakini shamba lake kijijini limelala.

Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameandika juu ya kazi zenye uroho: zinazolipa zaidi kwa saa kwa yule anayeweza kupatikana wakati wowote. Katika ndoa yenye watoto, anasema, mmoja huichukua kazi hiyo na mwingine hubaki na kazi inayonyumbulika, na mwingine huyo mara nyingi ni mwanamke. Kwetu barabara inafanya kazi ileile ya uroho hata pale ofisi isipokuwa nayo. Ofisi inafunga saa 11 jioni kama kawaida, ila mfanyakazi yuko nje ya nyumba tangu alfajiri hadi saa 2 usiku. Mume akiwa na kazi ya namna hiyo, mke anatafuta kitu cha karibu, hata kwa nusu mshahara, au anafungua genge mlangoni. Kisha familia inaonekana imeamua kwa hiari.

Kwa mama anayenyonyesha hesabu ni kali zaidi. Sheria inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo mwajiri anatakiwa kumruhusu akamnyonyeshe mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ni haki nzuri. Kwa aliye Pugu inamfikisha nyumbani na kumrudisha. Kwa aliye Masaki na mtoto wake yuko Chanika, saa mbili hizo zinamfikisha nyumbani tu. Haki ileile, sheria ileile, na umbali umekwisha kuifuta. Mwanamke akipima kazi mbili mwaka anaotarajia kuzaa, hiki ni kipengele cha kwanza, mbele ya mshahara.

Lakini familia kwetu haiishii kwa mke, mume na watoto, na hapa ndipo ushauri unaoletwa na vitabu vya nje unapokwama. Mama aliyeko Kigoma hahitaji saa zako tatu za jioni. Anahitaji dawa za presha, na wewe unamfikia kwa simu, kwa muamala. Mdogo wako aliyeko kidato cha tano anahitaji ada. Kwa hao, kazi ya Masaki ndiyo upendo, hata kama watoto wako wanakuona Jumapili tu. Simcheki anayechukua mshahara mkubwa akiwa na watu sita nyuma yake. Ameupima muda wa familia na kukuta sehemu kubwa ya familia hiyo inauhitaji kwa sura ya fedha. Ajiulize tu kama ile 124,400 inawafikia kweli, au imeishia kwa chakula cha mchana cha Masaki, ambacho Pugu angekibeba kwenye kontena kutoka nyumbani.

Tena muda wa nyumbani si wa kupumzika peke yake. Mtu anayefika kwake saa 11.30 jioni, jua likiwa bado lipo, ana banda la kuku, ana duka la mkewe la kuhesabu, ana wanafunzi wawili wa masomo ya ziada, ana kiwanja cha jirani cha kusimamia mafundi. Kaya nyingi za Dar es Salaam haziishi kwa mshahara mmoja. Zinaishi kwa mshahara na vitu vitatu vidogo vinavyohitaji macho ya mwenyewe. Anayerudi saa 2 usiku kuku wake wanaibiwa. Akikaa chini na kalamu, anaweza kukuta saa moja ya jioni nyumbani inamlipa zaidi ya 1,885.

Kuna pia siku ambazo hazimo kwenye ratiba. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo kwa kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa tumbo moja. Baba mwenye mtoto mchanga ana siku 3. Mjomba hamo, shangazi hamo, na msiba wa Bukoba haumaliziki kwa siku nne ukihesabu basi. Kwa hiyo muulize anayefanya kazi pale tayari: mtu akifiwa na mjomba wake, bosi anasemaje? Jibu la swali hilo lina thamani ya fedha, na hutalipata kwenye usaili.

Si kila mtu achague Pugu. Kijana wa miaka 24 asiye na mtoto, anayeishi kwa kaka yake, saa 66 hizo kwake ni za bei nafuu, na Masaki atajifunza mifumo ya hesabu na kujuana na watu ambao Pugu hawapo. Baada ya miaka mitatu anaweza kuuza uzoefu huo kwa mshahara ambao shule isingempa maisha yake yote. Kosa ni kubaki na uamuzi wa miaka 24 ukiwa na 35.

Wanaopima kazi za mikoani wana hesabu yao. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, uamuzi wenyewe ukiwa wa tangu 1973, watumishi wengi waliacha familia Dar es Salaam, kwa sababu mke ana kazi yake na watoto wana shule yao. Basi lilimeza siku nzima kila upande, hivyo baba alikuja mwisho wa mwezi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imeipunguza safari hadi takriban saa 4. Kwa nauli ya 31,000 iliyotangazwa wakati huo, kwenda na kurudi wikiendi nne ni 248,000 kwa mwezi. Ghali, ila sasa ni bei ya kitu kinachonunulika. Zamani hakikuwepo sokoni. Mtumishi anayepewa cheo Dodoma na nyongeza isiyofika kiasi hicho ajue kwamba hajaongezwa, amehamishwa tu. Na wanaokwenda Oman na Saudi Arabia kwa kazi za ndani wanauza muda wote wa familia kwa mkupuo, miaka miwili kwa kawaida. Hao mizani yao ina upande mmoja tu, na swali lao la maana ni nani nyumbani anashika fedha inayotumwa.

Kabla ya kusaini, nenda ukaijaribu safari. Jumatatu, saa ile ile utakayotakiwa kuondoka, na urudi saa ile ile ya kutoka, ikiwezekana siku ya mvua. Anayekwenda kwenye usaili saa 4 asubuhi hajaiona barabara ya kazi hiyo. Kisha zungumza na mwajiri kwa lugha ya saa. Wengi huomba nyongeza ya 100,000 ambayo kodi na NSSF zitakula 37,000 yake ukiwa kwenye ngazi ya juu, na hawaombi kitu ambacho hakikatwi kodi: kuingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 10, siku moja ya kufanyia kazi nyumbani, basi la wafanyakazi linalopita Gongo la Mboto. Siku moja nyumbani kwa wiki inamrudishia mhasibu wetu zaidi ya saa 16 kwa mwezi za barabarani na nauli yake.

Na akitaka kulipwa kwa fedha, ajue ataje kiasi gani. Ili saa 66 za barabarani zilipwe sawa na saa zake za Pugu, na nauli irudi, kampuni ya Masaki ingelazimika kumpa takriban 1,440,000 kabla ya makato, asilimia 60 juu ya mshahara wa shule, dada wa kazi bado hajaingizwa. Kwa 1,250,000, mkazi wa Chanika mwenye watoto wawili wadogo na shule inayolipa kwa wakati aichukue Pugu.